Springi Tatu za Otuoma

Mume wangu Machibya alianguka akiwa katikati ya kumpiga mtu. Ngumi nne zilishatua, ya tano ilikuwa hewani. Aliyekuwa anapigwa ni dereva wa fuso aliyekuja Mwaloni, soko letu la samaki, kuchukua dagaa akiwa na wabebaji wake mwenyewe kutoka Nyakato, jambo ambalo Kirumba nzima inajua halifanyiki. Dereva alikuwa chini, mdomo umepasuka, amejikunja kama kambare kwenye sufuria. Machibya akanyanyua mkono, akabaki hivyo hivyo kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka nyuma. Akashika kifua. Kisha akamwangukia dereva yule yule, na dereva akapiga yowe akidhani hayo ni mapigo mapya.

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, nisijitakase. Nilikuwa nimekaa kwenye deli langu la barafu na soda, hatua kumi kutoka pale. Nilipouona mdomo wake umekuwa rangi ya majivu, niliruka nikamkimbilia.

Pale Mwaloni kuna makundi mawili ya wabebaji. La getini ni la Machibya, wengi Wasukuma wenzake wa Magu na Misungwi, wanamwita Ngosha. La gatini, kule mitumbwi inakofunga, lilikuwa la Otuoma, Mjaluo wa Rorya, mtu mwenye mabega kama mlango na sauti ya kusikika mpaka uwanja wa mpira. Hao wawili walishatoana damu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Otuoma alikuwa na kovu la ndoano ya kuvutia sangara chini ya sikio, kazi ya Machibya. Machibya hana meno mawili ya mbele, kazi ya Otuoma. Kila mmoja akisikia jina la mwenzake alikuwa anatema mate, na kila mmoja alikuwa anauliza habari za mwenzake kabla hajanywa chai.

Kilichowazuia wasiuane kila siku ni kura. Lori la kwanza la asubuhi ndilo lenye mzigo mnene, na kundi la kulipakia linapatikana kwa vizibo vya soda. Vizibo viwili vinawekwa ndani ya kofia, kimoja kimekwaruzwa msalaba kwa ndani. Kiongozi mwenye umri mkubwa anatia mkono bila kuchungulia. Akitoa chenye msalaba, lori ni la kwake. Mwenye umri mkubwa alikuwa Machibya, kwa kumzidi Otuoma miezi minne tu, na vizibo vilitoka kwangu, kwa kuwa muuza soda ni mimi.

Sasa sikilizeni. Kizibo chenye msalaba nilikuwa nakilaza kwenye barafu. Kile kitupu nakiacha juani. Machibya akitia mkono kwenye kofia, vidole vyake havikutafuta bahati, vilitafuta baridi. Miaka minane tulifanya hivyo. Si kila siku, hatukuwa wajinga kiasi hicho, lakini siku nne kati ya sita lori lilikuwa letu. Otuoma alidhani ukoo wao una nuksi. Aliwahi kwenda kwao Rorya kutambika kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo mjue tulikwenda hospitali tukiwa watu wa namna gani.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke, Dokta Rebeka, mdogo wa umbo, anaongea taratibu kama mtu anayepanga mayai. Alitukalisha akatueleza. Watapitisha mpira mwembamba kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye moyo, wamwage dawa, wapige picha ya mishipa. Kama mishipa imebana sehemu zaidi ya moja, kuna njia mbili za kuamua wazibue ipi.

"Ya kwanza ni macho," alisema. "Tunaangalia picha. Palipobana sana tunapazibua na kuweka stenti, kibomba kidogo cha waya kama springi, kinachoshikilia mshipa usijifunge. Ya pili, tunapitisha waya mwembamba kama unywele, una kipimo cha presha kwenye ncha. Tunapima presha kabla ya pale palipobana na baada yake. Ikishuka sana, tunaweka stenti. Isiposhuka sana, tunapaacha hata kama kwa macho panatisha, mgonjwa anaendelea na vidonge."

"Ipi ndiyo nzuri?" Machibya akauliza.

"Nchi nyingine wamelinganisha, na waya umeonyesha uzuri wake. Sisi tunataka kujua kwa wagonjwa wetu wa hapa. Kwa hiyo ukikubali kuingia kwenye utafiti, njia yako inaamuliwa kwa kura."

Machibya akageuza shingo akanitazama. Nami nikamtazama.

"Anayetia mkono ni nani?"

"Hakuna mkono, baba. Ni kompyuta."

"Hiyo kompyuta inakaa kwa nani?"

"Kwa Sista Favour, pale dirishani."

Machibya akainua shingo akamwangalia Favour, binti mwenye miwani na kucha fupi, kwa muda mrefu. Kisha akasaini.

Siku ya kipimo nilimkuta Apiyo kwenye benchi la korido. Apiyo ni mke wa Otuoma. Waume zetu walikuwa wanachinjana, sisi tulikuwa tunaazimana unga. Wanawake wa Mwaloni hatuna muda wa kurithi ugomvi wa watu.

"Mama Kulwa! Nani anaumwa?"

"Ngosha. Kifua. Na wewe?"

"Kifua hicho hicho. Miezi mitano anapanda mawe ya kwetu Kabuhoro akisimama kila hatua kumi, ukimuuliza anasema anaangalia ziwa."

Tulicheka mpaka mlinzi akatukemea. Tukala karanga zake, tukamsema muuza mitumba mmoja wa Kirumba na mke wa mchungaji, tukasema wee, saa mbili zikapita kama dakika tano. Sijawahi kukaa hospitali kwa raha namna ile.

Kisha nikaitwa. Machibya alikuwa amelala kitandani, mkono umefungwa bandeji. Dokta Rebeka akanionyesha picha kwenye skrini, na hata mimi wa darasa la saba niliona: mishipa mitatu imeminywa sehemu tatu, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Ule wa kulia ulikuwa umebaki uzi.

"Kura ilimwangukia njia ya waya," alisema. "Tumepima yote mitatu. Tumeweka stenti moja."

"Moja?" Machibya akasema kutoka kitandani. "Mmeona matatu, mmetibu moja?"

"Hayo mawili presha inapita vizuri, baba."

"Mtumbwi una matundu matatu, fundi anaziba moja. Wewe Dokta utaupanda huo mtumbwi?"

"Kama nimeona kwa kipimo kwamba hayo mawili hayaingizi maji, nitaupanda."

Akajifunika shuka. Ningeweza kusema yaliishia hapo. Lakini nilipotoka koridoni Apiyo alikuwa ananingoja amenyoosha vidole vitatu, uso unawaka.

"Tatu! Kura ilimpa njia ya picha. Wamemwekea springi tatu, Mama Kulwa, mishipa yote imezibuliwa! Wa kwako?"

"Na yeye amewekewa," nikasema.

Mtu mwenye busara angelimeza neno lile na kulinywea maji. Mimi nililibeba mpaka nyumbani likiwa moto.

Nyumba yetu ina vyumba sita na haijawahi kuwa tupu. Jioni ya pili baada ya kipimo sebule ilikuwa imejaa wapangaji na wabebaji waliokuja kumpa pole, Kija mpangaji wetu ameketi kwenye ndoo, watoto wa jirani wako dirishani. Kila mtu alikuwa na lake la kusema kuhusu moyo. Na mimi nikaona nina la kuwapita wote.

"Mnajua Otuoma naye kalazwa? Yeye kawekewa tatu."

Kija akasogeza ndoo yake karibu.

"Tatu?" Machibya akasema.

"Tatu. Apiyo mwenyewe kaniambia."

"Mimi moja, Otuoma tatu. Siku moja, daktari mmoja."

"Ni kura, mume wangu. Ya kwako ni ya waya, moja inakutosha, si ulimsikia Do..."

Kofi lilinipata kabla sijamaliza jina. Nilianguka juu ya meza ya kahawa, vikombe vikaenda na mimi. Alipoinama anishike nywele nilimng'ata mkono, na mkono niliong'ata ulikuwa ule wa bandeji. Damu ilitoka kama bomba lililopasuka. Ilimwagika kwenye shuka alilojifunga, kwenye gauni langu, kwenye viatu vya wageni. Kija alifunga kwa shati lake, shati likalowa. Akafunga kwa khanga, khanga ikalowa. Tukampakia bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia, mashavu yangu yamevimba, nimemkumbatia mtu aliyenipiga ili asife.

Nesi alikandamiza pale saa nzima.

"Vidonge anavyomeza vinazuia damu isigande," alituambia, "la sivyo springi itaziba. Mwaka mzima atakuwa hivi. Asikatwe, asipigwe, na jamani asigonge kichwa. Damu ikianza kutoka ndani hakuna wa kuikandamiza."

Machibya hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia ukuta, midomo inacheza. Nilijua anachohesabu. Alikuwa anatafuta ni nani aliyeweka barafu.

Wiki iliyofuata tulirudi kliniki. Nilikwenda msalani tu. Niliporudi nilisikia kiti kinaanguka. Machibya alikuwa amempitisha Favour juu ya meza yake mwenyewe, amemshika ukosi wa koti jeupe, miguu ya binti inapiga hewa, miwani iko sakafuni.

"Baridi ilikuwa ya nani?" alikuwa anamwuliza. "Nakuuliza taratibu. Baridi ilikuwa ya nani?"

"Baridi gani, baba? Sijui baridi! Sijui!"

"Otuoma alikupa nini?"

Mlinzi akamshindilia rungu kwenye mbavu mara mbili, ya tatu kwenye paja. Machibya akamwachia Favour, akamgeukia mlinzi, akampiga kichwa cha pua hata nikasikia mfupa ukilia. Wagonjwa walikimbia na vyeti vyao mkononi. Ni Dokta Rebeka aliyekuja akasimama kati yao na umbo lake lile dogo, akasema, "Basi." Sijui kwa nini walimtii.

Favour aliulizwa kama aitwe polisi. Shingoni alikuwa na alama nyekundu za vidole. Akasema, "Nipeni kiti tu nikae." Mpaka leo nikimkumbuka natamani angeita.

Dokta Rebeka akamfungulia Machibya kompyuta. Mistari miwili ilikuwa inapanda na kushuka, mmoja juu ya mwingine.

"Huu wa juu ni presha kabla ya palipobana. Wa chini ni baada yake. Mshipa wako wa kulia, huu uliokutisha: katika mia inayoingia, themanini na tisa inapita. Wa pembeni, tisini na mbili. Sasa angalia wa mbele, ambao kwa macho ulionekana wa wastani tu. Sitini na saba. Unaiona mistari ilivyoachana? Huyu ndiye aliyekuangusha. Huyu ndiye tuliyemzibua."

Machibya aliinama karibu na skrini. Aliweka kidole kwenye ule mwanya kati ya mistari. Nilimwona akitaka kuamini, namjua, mdomo wake unalegea upande akitaka kuamini.

"Na Otuoma," akauliza, "yeye mlipima hivi?"

"Siwezi kukuambia habari za mgonjwa mwingine."

Mdomo ukakaza. "Ahaa," akasema, akavaa kofia yake. "Nimeelewa."

Mwaloni habari haihitaji miguu. Kufika mwisho wa mwezi kila mtu alishajua, na kila mtu alikuwa ameipika na viungo vyake. Ngosha ana moja, Otuoma ana tatu. Wapaa samaki wakaanza kumwita Springi Moja. Kwanza pembeni, halafu nusu ya pembeni. Machibya alikuwa amekatazwa kubeba, kwa hiyo alikaa kutwa kwenye kreti karibu na deli langu, anasikia yote. Alimvunja mmoja kidole kwa kukikunja nyuma taratibu, akimwangalia machoni. Hilo likanyamazisha siku mbili. Usiku nilimkuta ameweka kiganja kifuani, anasikiliza.

"Mina," aliniambia. "Hiki kifua kitanilipukia siku gani?"

"Dokta kasema hakitalipuka."

"Dokta alipokea baridi."

Ningemwambia nini? Kwamba si kila kofia duniani ina barafu ndani? Mimi ndiye niliyekuwa naiweka.

Otuoma alirudi siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, soko limefurika. Vifungo vya shati wazi mpaka kitovuni kana kwamba springi zinaonekana kwa nje. Nyuma yake kundi lake lote. Alisimama mbele ya kreti la mume wangu akapiga goti kidogo, kwa madaha.

"Shikamoo, Mzee Springi Moja!"

Watu wakaangua kicheko. Machibya hakuitika.

"Mbona huitikii mdogo wako? Pumzi haitoshi? Sema nikuazime, mimi ninazo tatu, hata wajukuu zitawatosha."

"Otuoma, nenda zako," nikasema. "Nenda baba, nakuomba."

"Ngoja, shemeji, namsalimia. Ngosha! Miaka minane unanifunga kwenye kofia. Kila asubuhi wewe, kila asubuhi wewe. Nimekwenda hospitali, kwenye kompyuta isiyojua sura ya mtu, nimekufunga tatu kwa moja. Mungu si Msukuma!"

Machibya akasimama. Nilimdaka shati.

"Baba Kulwa, vidonge! Usipigwe!"

"Leo sipigwi," akasema, na shati likabaki mkononi mwangu.

Ngumi ya kwanza ilimpata Otuoma mdomoni, na damu ilivyotoka kila mtu alirudi nyuma hatua moja, kwa sababu haikutoka kama damu ya ngumi moja. Otuoma akairamba, akacheka, akamrudishia puani. Pua ya Machibya ikafunguka. Wakashikana. Wakaanguka kwenye taka za samaki, wakainuka wameng'aa magamba na damu kama wamepakwa rangi, wakaanguka tena. Otuoma alimkaba na kumtumbukiza uso kwenye karai la maji ya sangara mpaka mapovu yakawa mekundu. Machibya akamshika sikio, akalivuta, likachanika juu. Kelele aliyopiga Otuoma ilizima kelele za soko zima.

"Watenganisheni!" nilikuwa napiga mayowe. "Hao damu yao haigandi! Haigandi!"

Walidhani nawasifia. Kija mwenyewe, mpangaji wangu, alinijibu, "Kweli kabisa mama, wanaume hao!"

Mnataka kujua nilikuwa naangalia nini? Mkono wa kushoto wa Machibya. Katikati ya kupiga na kupigwa aliupeleka kifuani, akakigusa, akautoa. Akapiga tena. Akakigusa tena. Alikuwa anangoja kile kilichomwangusha siku ya dereva. Na mimi nilikuwa nangoja, na nadhani nilishamzika mara tano kwenye dakika zile ishirini.

Kisha akamshika Otuoma miguu yote miwili, akamnyanyua, akamgeuza. Kisogo cha Otuoma kikapiga ukingo wa meza ya saruji ya kupasulia samaki. Mlio wake ulikuwa mdogo tu. Kama mtu amegonga mlango mara moja akaghairi.

Watu wakasogea kuchungulia.

Otuoma akalala pale kwa muda wa kuhesabu kumi. Halafu akajipangusa uso, akainuka, akayumba, akaja akaketi kwenye kreti la mume wangu. Watu wakashangilia. Nilimpa soda ya baridi. Hakuinywa, aliibandika kisogoni.

"Kichwa cha Rorya," akasema. "Meza ndiyo imeumia."

Machibya alikuwa amesimama, damu inamtiririka puani na kwenye ufizi mpaka kwenye mkanda wa suruali. Lakini uso wake, jamani. Sijawahi kuuona uso ule tangu siku Kulwa na Doto walipozaliwa.

"Mina," akasema, anahema. "Hakijauma."

"Nini?"

"Kifua. Nimepiga, nimepigwa, nimembeba huyu ng'ombe mzima. Hakijauma hata kidogo. Yule Dokta alikuwa anasema kweli." Akamgeukia Otuoma, akachuchumaa mbele yake. "Bwana wee. Nilidhani umenipika."

"Nikupike na moto gani?" Otuoma akasema. "Mimi hata hiyo kompyuta siijui ilipo. Nilikuwa nakutania tu, Ngosha. Tangu lini nikapata kitu cha kukutambia?"

Wakacheka wote wawili, wanadondosha damu kila mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Nilikuwa na neno la vizibo kwenye ulimi. Nililiangalia, nikalirudisha. Nilisema nitamwambia siku nyingine akiwa amepona sikio. Otuoma akanyanyuka, akasema anakwenda kubadili shati, akapanda kilima cha Kabuhoro kwa miguu yake bila kusimama hata mara moja.

Saa saba mchana Apiyo alinipigia simu. Otuoma katapika, anaongea maneno ya kuvutika, sasa amelala anakoroma na haamki. Nilikimbia na khanga moja. Tulimshusha mawe yale tukiwa watu sita. Hospitali walisema damu imejaa ndani ya fuvu, wakamtoboa kichwa waipunguze. Ilirudi. Walimtoboa tena. Jumapili asubuhi, kengele za kanisa zinalia, akakata roho.

Polisi walikuja nyumbani mchana wa siku hiyo. Wapangaji wote walikuwa uani. Machibya alinyoosha mikono yote miwili kabla hajaambiwa. Askari mmoja akampiga teke nyuma ya goti ili apige magoti, bila sababu, na yeye hakurudisha. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akipigwa asirudishe.

Apiyo alikuja Mwaloni baada ya kutoka kumzika mumewe kwao Rorya. Alikuwa amenyoa kichwa. Hakunisalimia.

"Walimpasua," alisema. "Kwa ajili ya kesi. Daktari kaniambia springi zote tatu zilikuwa wazi. Moyo wake ulikuwa mzima, Mama Kulwa. Alikuwa aishi."

"Apiyo..."

"Nimekuja kukuuliza neno moja. Machibya alijuaje kwamba ni tatu?"

Soko zima lilikuwa linasikiliza.

"Nilimwambia mimi."

"Nilikuambia kwa furaha," akasema. "Nilikuambia kwa sababu nilikuwa na furaha na nilikuwa sina mtu mwingine pale."

Alichukua chupa ya soda iliyokuwa mbele yangu akanipiga nayo hapa, juu ya jicho. Haikupasuka, kwa hiyo akanipiga tena. Akapindua deli, barafu ikatawanyika kwenye tope. Akanikalia kifuani akanipiga kwa mikono mitupu, analia, na mimi nikaweka mikono yangu chini kwenye barafu nikaiacha pale. Walipomtoa juu yangu niliwaambia wamwachie. Hakuna aliyesikia, jino lilikuwa limelegea na mdomo umejaa.

Mwezi uliofuata simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mama, ni Favour, wa utafiti wa moyo. Samahani. Natakiwa kuwauliza wagonjwa wote, na namba ya baba haipatikani."

"Uliza, mwanangu."

"Amepata maumivu yoyote ya kifua tangu awekewe stenti?"

"Hapana."

"Kubanwa pumzi akifanya kazi nzito?"

"Alifanya kazi nzito. Hakubanwa."

Nilimsikia akiandika. "Ametokwa damu?"

"Puani na kwenye ufizi. Siku ile."

Akaandika hilo pia. "Amelazwa hospitali yoyote?"

"Yuko mahabusu, gereza la Butimba. Siku za kuona watu nampelekea vidonge vyake, hajaruka hata siku moja."

"Hiyo ya mahabusu haina mahali pa kuandika," akasema kwa sauti ndogo. "Nitaandika hajalazwa. Swali la mwisho, mama. Kuanzia sifuri mpaka kumi, kumi ikiwa ni afya njema kabisa, unadhani angejipa ngapi?"

Nilifikiria alivyo kule ndani, alivyoniambia kupitia waya wa dirisha kwamba analala usingizi mzito na akipanda ngazi za mahakama haoni tofauti.

"Kumi," nikasema.

Akanishukuru, akasema atapiga tena baada ya miezi mitano.